Kimya cha Saa Nane

Chumba cha mbele cha nyumba yangu hapa Mbezi Luis kilikuwa duka la marehemu mke wangu. Aliuza chumvi, sabuni, mafuta ya taa na madaftari ya shule. Sasa rafu zile zimebeba nyaya na makasha ya chuma, na mwenye chumba ni mjukuu wangu, ambaye riziki yake ni kuhariri video za harusi, sendofu na ubatizo. Tangu kituo kikuu cha mabasi cha Magufuli kilipozinduliwa mwezi Februari 2021, watu wamezidi hapa kwetu, na palipo na watu hapakosi sherehe. Kijana hakosi kazi.

Jumamosi moja alasiri nilikuwa nimeketi naye nikisoma gazeti, yeye akimalizia video ya harusi ambayo wenyewe walikuwa waje kuichukua saa kumi na moja. Ghafla bibi harusi aliyekuwa akicheza kwenye kioo alisimama, mkono mmoja juu, wala hakutikisika tena. Zikapita sekunde mbili au tatu. Kioo kikawa cheusi kabisa, kisha picha ikarudi pamoja na maandishi madogo pembeni. Mjukuu wangu akashika kichwa. Maandishi yale, alinieleza, yalisema kwamba programu inayoendesha picha iliacha kuitika, lakini imekwisha kuinuliwa. Kompyuta ilikuwa salama. Kazi yake ya dakika arobaini ilikuwa imepotea.

"Imeganda, babu," akasema. "Ndiyo tabia yake siku hizi."

"Nani aliyejua kwamba imeganda?" nikamwuliza.

"Kompyuta yenyewe."

"Sasa kitu kilichoganda kitajuaje kwamba kimeganda?"

Hakuwa na jibu la haraka, wala mimi sikuwa nalo. Tangu siku hiyo nilimsumbua kwa maswali, yeye naye akanitafutia maandishi na kunifasiria yaliyonishinda. Niliyoyapata, ndugu msomaji, ndiyo haya. Nayaandika kwa sababu mbili. Kwanza, swali lile lina historia yake, na historia hiyo inafaa kujulikana. Pili, mimi mwenyewe nikiwa mwalimu mkuu niliwahi kulijibu vibaya, na mtu akaumia.

Waliosoma shule za bweni za zamani wanakikumbuka kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini mbele ya ofisi. Mchana kilikuwa kengele ya vipindi. Usiku kilikuwa mali ya mlinzi. Kila saa ilipotimia alikigonga kwa nondo: saa nne mara nne, saa tano mara tano, hivyo hivyo mpaka alfajiri. Watoto walidhani kwamba mlinzi anawatangazia saa. Lakini ni nani anayehitaji kujua saa katikati ya usingizi? Reli ile haikuwa saa. Ilikuwa ni mlinzi akisema, "Nipo, niko macho."

Tazama hekima ya mpango huo. Mlinzi aliyelala hawezi kuja kugonga mlango wa mwalimu mkuu na kusema, "Mwalimu, nimelala." Aliyezidiwa na ugonjwa hawezi kutuma habari kwamba amezidiwa. Yule aliyekwama ndiye hasa asiyeweza kutoa taarifa ya kukwama kwake. Kwa hiyo wazee walioweka mpango ule hawakungoja taarifa ya ubaya. Walidai taarifa ya uzima, tena kila saa, ili taarifa hiyo isiposikika, kimya chenyewe kiwe ndicho habari. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mpango wa reli ulitegemea jambo moja tu: awepo mtu wa kukisikia kile kimya.

Mafundi wa kompyuta nao walifika mahali hapo hapo, ila kwa njia ndefu zaidi. Mwaka 1936, kabla kompyuta za umeme hazijaundwa, kijana Mwingereza wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Alan Turing, alithibitisha jambo ambalo hata leo halijatenguliwa. Alionyesha kwa hesabu kwamba haiwezekani kuwapo na kanuni moja ya jumla ya kuitazama programu yoyote ile na kusema kwa hakika kama itamaliza kazi yake au itazunguka milele. Kwa lugha yetu ya kawaida ni hivi: ukisimama nje, anayefanya kazi ndefu na aliyekwama wanafanana. Huwezi kuwatofautisha kwa kuwatazama tu. Kinachobaki ni kuweka muda na kusema, ukipita muda huu sijasikia kitu, nitamhesabu kuwa amekwama. Muda huo si elimu ya hakika. Ni mapatano tu, na mapatano yanaweza kukosea.

Hapa nchini kompyuta ya kwanza ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mashine kubwa za wakati ule zilikuwa na mtu wa zamu karibu yake, aliyeziingizia kadi zilizotobolewa na kuangalia taa na mitambo yake. Mashine ikikwama, mtu huyo ndiye aliyeng'amua. Mlinzi alikuwa binadamu. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na milango haikufunguka vizuri mpaka biashara ilipolegezwa katika miaka ya 1980 na 1990. Ndiyo maana walimu wa rika langu tulistaafu huku wengi wetu hatujaigusa kompyuta hata mara moja. Haya ninayoandika nimeyajifunza uzeeni, na mwalimu wangu ni mtoto wa mwanangu.

Wakati sisi tukiendelea na kadi zile, wenzetu walikuwa na tatizo jingine: kompyuta inayokwenda mahali ambapo hapana mtu wa zamu. Kompyuta iliyoongoza vyombo vya Apollo kwenda mwezini ilibuniwa katika maabara ya chuo cha MIT, Marekani. Ndani yake waliweka kijisaketi kidogo, na jina walilokipa lilinifanya niliweke chini gazeti langu. Walikiita Mlinzi wa Usiku. Programu ya kompyuta ile ilitakiwa kugusa mahali fulani katika kumbukumbu kila baada ya muda mfupi, usiofika sekunde mbili. Kugusa huko ndiko kulikokuwa kugonga reli. Mlinzi wa Usiku asipoona mguso, hakuuliza sababu. Aliilazimisha kompyuta ianze upya.

Kuanza upya peke yake hakutoshi. Ni lazima kuwe na pa kuanzia. Tarehe 20 Julai 1969, Apollo 11 ilipokuwa ikishuka mwezini, kompyuta ilizidiwa na kazi na kutoa tahadhari zilizopewa namba 1202 na 1201. Siku hiyo ilizidiwa tu, haikuwa imeganda, lakini ufundi uliowaokoa ulikuwa ule ule wa kuanza upya. Kompyuta ilitupa kazi ndogo ndogo, ikashika zile za lazima kutoka pale zilipokuwa zimewekewa alama, na chombo kikatua. Nilikuwa mwanafunzi wakati huo, tukisikiliza habari redioni. Hapana aliyetuambia kwamba ndani ya chombo kile kulikuwa na mlinzi kama yule wa shule yetu.

Vizazi vilivyofuata vilijifunza kwa hasara. Chombo cha Marekani kilichoitwa Clementine kilirushwa mwezi Januari 1994, kikapiga picha za mwezi kwa mafanikio makubwa. Mwezi Mei mwaka huo huo programu yake ilikosea. Mitambo ya kukigeuza ikawaka mpaka mafuta yakaisha, na chombo kikabaki kinazunguka kama pia. Saa ya ulinzi ilikuwamo ndani yake, lakini programu ya kuitumia haikuwa imeandikwa. Reli ilikuwa mtini, hapana aliyepewa kazi ya kuisikiliza.

Kinyume chake ni Pathfinder, kilichotua katika sayari ya Mirihi tarehe 4 Julai 1997. Baada ya siku chache kompyuta yake ilianza kujianzisha upya mara kwa mara. Mafundi walioko California waliigiza tatizo hilo katika mashine pacha iliyobaki duniani, wakagundua chanzo chake. Kazi kubwa ilikuwa ikingoja ufunguo ulioshikwa na kazi ndogo ya kupima hali ya hewa, na ile kazi ndogo ilikuwa ikisukumwa pembeni na kazi za daraja la kati. Ni kama mwalimu mkuu anayesubiri ufunguo wa stoo kutoka kwa karani, wakati karani amezuiwa mlangoni na wageni. Kila mmoja anafanya kazi yake kwa haki, na shule nzima imesimama. Mlinzi wa mashine aliona muda umepita, akaianzisha upya kila mara, na hivyo chombo kikabaki hai mpaka mafundi wakatuma marekebisho kutoka duniani. Mlinzi hakutibu ugonjwa. Alimweka mgonjwa hai mpaka daktari alipofika, na hilo si jambo dogo.

Sasa turudi kwenye kioo cha mjukuu wangu. Ndani ya kompyuta za siku hizi mna bongo mbili. Uko ubongo mkuu, unaofikiri mambo yote, na uko ubongo wa picha, ambao kampuni ya Nvidia iliutangaza kwa jina hilo ilipotoa kadi yake ya mwaka 1999. Huu wa pili hauna akili nyingi, lakini una mikono maelfu. Kati yao hukaa programu ambayo vijana huiita draiva, na mimi ningeiita karani.

Fikiria mashine ya kusaga. Wateja wameleta madebe yao, karani ameyapanga foleni na kuyaandika namba kwa chaki. Mashine inasaga debe moja baada ya jingine, na kila debe likiisha, msagaji anaandika namba yake ukutani. Karani hana haja ya kuingia ndani penye vumbi. Anatazama ukuta tu. Akiona 14, halafu 15, halafu 16, anajua kazi inakwenda. Akiona 16 haibadiliki, anaanza kuhesabu. Ndivyo draiva inavyofanya. Huweka amri katika foleni, na ubongo wa picha ukimaliza kila fungu huandika namba mahali fulani katika kumbukumbu. Namba hiyo ndiyo mlio wa reli.

Zamani ubongo wa picha ulipokwama, kompyuta nzima ilikufa nao, na dawa ilikuwa kuizima. Windows Vista, iliyotolewa na Microsoft mwishoni mwa mwaka 2006 na mwanzoni mwa 2007, ilileta utaratibu mpya. Fungu la kazi likizidi kukawia, mfumo huuambia ubongo wa picha uliweke chini kwanza. Ukishindwa kuliweka chini ndani ya sekunde mbili, huhesabiwa kuwa umeganda. Hapo draiva huamriwa kuuanzisha upya, kioo huwa cheusi kitambo, na kompyuta huendelea. Yakitokea hayo zaidi ya mara chache katika dakika moja, mfumo hukata tamaa na kusimamisha kila kitu. Inajulikana kwamba mgonjwa anayezimia kila baada ya sekunde chache hatibiwi kwa kumwagiwa maji.

Katika Linux, mfumo ambao maandishi yake yako wazi kwa kila mtu, draiva ya vifaa vya Intel iliongezewa mkaguzi wa namna hiyo mwaka 2009. Kila baada ya sekunde moja na nusu hivi alitazama kama kazi imesogea mbele. Isiposogea, alitoa hukumu. Mwishoni mwa mwaka 2019 mafundi waliubadili mpango. Badala ya mkaguzi wa kuchungulia kutoka nje, draiva sasa hupeleka ombi dogo ndani ya foleni yenyewe, ombi lisilotaka chochote ila kurudi. Likirudi, ubongo wa picha uko hai. Lisiporudi, hupelekwa tena likiwa na cheo cha juu zaidi, ili kazi nyingine zilipishe. Likishindwa hata likiwa na cheo cha juu kabisa, ndipo hukumu hutolewa. Mpango huo wameuita mapigo ya moyo.

Jambo moja katika historia hii lilinigusa kama mwalimu. Ubongo wa picha unatumikia programu nyingi kwa pamoja. Ukianzishwa upya, kazi za wote hupotea, hata za wale wasio na kosa. Ni adhabu ya darasa zima kwa ajili ya mtoto mmoja, na mimi nimeitoa adhabu hiyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Mwaka 2010 waliweka kanuni kwamba baada ya kuanza upya, programu inayouliza iambiwe ukweli: kwamba kosa lilikuwa lake, au kosa halikuwa lake, au mkosaji hajulikani. Draiva nyingine huandika pia hali ya mambo ilivyokuwa wakati wa kukwama, ili mafundi wachunguze baadaye, na anayerudia kosa mara kwa mara huzuiwa. Katika miaka yangu ya kazi sikumbuki kuwa niliwahi kuwaambia watoto baada ya adhabu ya jumla, "Wewe hukuwa na kosa." Mashine zimenitangulia katika hilo.

Ni nini basi kilichoikumba harusi ile? Mjukuu wangu alipeleleza, akaambiwa na wenzake kwamba pengine mashine haikuwa imeganda hata kidogo. Pambo alilokuwa akilitia kwenye picha lilikuwa zito, na fungu moja la kazi lilihitaji zaidi ya sekunde mbili. Mlinzi alimkatisha mtu aliyekuwa akifanya kazi. Wakamwonyesha namna ya kuongeza muda, naye akauweka sekunde sitini. Kwa siku mbili alicheka. Siku ya tatu mashine iliganda kweli kweli, na tuliketi dakika nzima tukitazama kioo kilichokufa huku mteja akigonga dirisha. Alipofungua kasha la chuma tuliona feni imezibwa na vumbi la barabara yetu, na ubongo wa picha ulikuwa ukichemka kama sufuria. Alilifuta vumbi, akarudisha muda mpaka sekunde kumi, na tangu hapo mambo yamekuwa nafuu.

Katika jambo lile dogo nimeona fundisho lote. Muda ukiwa mfupi, utamwua mwenye kazi ndefu. Ukiwa mrefu, utaketi na maiti ukidhani ni mzima. Hapana muda ulio sahihi. Uko muda unaofaa kazi fulani, na ukaguzi wa chanzo baada ya kila kukwama.

Sasa nieleze deni langu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya bweni huko bara. Mlinzi wetu alikuwa mzee mtulivu aliyekuja kazini na koti lake la baridi hata wakati wa joto. Usingizi wangu ulikuwa umezoea reli yake kama mtoto anavyozoea pumzi ya mama yake. Usiku mmoja niliamka bila kujua kilichoniamsha. Nikawasha kibatari, nikatazama saa ya mkononi: ilikuwa saa nane na robo. Reli ilikuwa haijagongwa. Kilichoniamsha ni kile kimya.

Niliwaza, mzee amesinzia. Nikawaza pia, nitamsema asubuhi. Nikageuka ukutani. Nakumbuka kwamba saa tisa nayo sikuisikia, maana nilikuwa kati ya usingizi na macho, na nilikasirika kidogo. Alfajiri mpishi ndiye aliyemkuta amelala chini ya mti, nondo kando yake. Alikuwa hai. Upande mmoja wa mwili ulikuwa umekwenda, na mdomo haukuweza kutamka. Tulimpeleka hospitali kwa gari la kuazima. Aliishi wiki chache, akafia nyumbani kwake. Kama saa nne zile zingemwokoa au la, mimi siwezi kusema. Sikumwuliza daktari, na nilijua kwa nini sikumwuliza.

Kwa miaka mingi nilijitetea kwamba nisingeweza kujua. Ni kweli, nisingeweza. Turing angekubaliana nami: ukisimama nje, aliyesinzia na aliyeanguka wanafanana. Lakini reli ile haikuwekwa ili nijue. Iliwekwa ili niende. Kimya kilipofika saa nane, kazi yangu haikuwa kukifasiri kitandani. Kazi yangu ilikuwa kuvaa viatu.

Kosa la pili ni la upande mwingine. Palikuwa na mtoto wa darasa la sita ambaye nikimwuliza swali la hesabu alinyamaza. Chuo cha ualimu kilitufundisha kumpa mtoto nafasi ya kufikiri, lakini mtihani ulikuwa karibu, na darasa lilikuwa na watoto zaidi ya hamsini. Nilimpa pumzi mbili, kisha nikasema, "Keti, mwingine." Nilifanya hivyo mwaka mzima, mpaka akaacha hata kusimama. Siku moja nikikusanya madaftari niliona swali la juma lililopita, lile nililompokonya, limejibiwa ukurasa wa mwisho kwa njia ambayo sikuwa nimeifundisha, na jibu lilikuwa sahihi. Hakuwa amekwama hata siku moja. Kazi yake ilikuwa ndefu kuliko muda wangu. Nilipomwita kumpongeza alitazama chini, na sikuweza kumrudisha alipokuwa. Mashine ukiianzisha upya husahau. Mtoto hasahau.

Kwa mzee nilingoja mno, kwa mtoto sikungoja. Ninapoyatazama makosa hayo pamoja, naona kwamba yametoka katika tabia moja: nilihukumu nikiwa nimekaa. Mapigo ya moyo ya wale mafundi wa Linux yamenifundisha kwamba kuna jambo la kufanya kati ya kungoja na kuhukumu. Nalo ni kupeleka ombi dogo lisilotaka chochote ila kurudi. Ningemwendea mtoto kwenye dawati na kumnong'oneza, "Umefika wapi?" Ningetoka nje na kuita, "Mzee, upo?"

Siku hizi tuko wazee watano wastaafu, watatu hapa Mbezi Luis, mmoja Kimara, mmoja Kibamba. Wake zetu wengi wametangulia, na watoto wana mambo yao. Mwaka jana niliwaeleza habari ya ubongo wa picha, wakanicheka sana. Lakini nilipowaeleza habari ya reli hawakucheka. Tukapatana hivi: kila siku kabla ya saa moja asubuhi kila mmoja ambipu mwenzake anayemfuata katika duara. Kubipu hakuna gharama. Simu inaita mara moja, inakatwa, imekwisha sema, "Nipo." Ikifika saa moja na nusu hujabipiwa, unampigia. Asipopokea mara mbili, unamtuma jirani yake, au unavaa viatu.

Mwezi uliopita mwenzetu wa Kimara hakubipu. Zamu ya kusikia ilikuwa yangu. Nilipiga mara mbili, simu haikupatikana. Jirani yake naye hakupokea. Nilipanda daladala na fimbo yangu, moyo ukinienda mbio, na nilipofika nilimkuta nyuma ya nyumba amevaa msuli, anamwagilia mchicha. Umeme ulikuwa umekatika tangu jioni na simu yake ilikuwa imezimika chaji.

"Mwalimu!" akasema. "Umekuja kunizika?"

Alinitania mpaka chai ilipoiva, na bado ananitania. Nilirudi nyumbani saa nne, miguu inaniuma, nauli imekwenda bure. Mjukuu wangu aliponiuliza nilikokuwa, nilimwambia nimemkatisha mtu aliyekuwa akifanya kazi. Akauliza kama basi tuongeze muda uwe mpaka saa tatu.

Nilifikiri kidogo. Nikamwambia tuuache pale ulipo.